Jinsi ya kufuatilia mlipuko wa volkano na wingu la majivu kwa simu ukiwa Goma

Novemba 2025, Hayli Gubbi ya Ethiopia ilipolipuka, sauti za WhatsApp zilizunguka mjini kwetu: wingu la majivu linakuja Goma, fungeni matangi, watoto wasitoke nje. Shangazi yangu wa Majengo aliniomba nimwangalizie. Tukafungua taarifa zenyewe kwenye simu yake, akaona kwa macho yake kwamba wingu linakwenda mashariki, linavuka Bahari ya Shamu kuelekea Yemen na Oman. Baadaye lilifika hadi India. Sisi tuko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka mlima ule, tena upande wa kusini-magharibi. Majirani wakaanza kuniuliza naangalia wapi, kwa hiyo naandika njia nzima hapa.

Kwanza mnisikilize vizuri: njia hii ni ya kufuatilia majivu na gesi. Haikuokoi na lava. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka jioni, na usiku uleule lava ikafika Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Ukisikia amri ya kuhama, au ukiona moto unateremka ubavuni mwa mlima, beba watoto uondoke. Usikae unasubiri ukurasa ufunguke.

Hatua ya 1: Jua ni mlima gani

Nyiragongo (mita 3,470) na Nyamulagira (mita 3,058) ziko umbali wa kilomita 14 hivi tu, na usiku, wekundu wa mawingu hauonyeshi umetoka mlima upi. Ukiwa Goma unatazama kaskazini, Nyamulagira iko nyuma, upande wa kushoto, pana na fupi. Kwenye orodha ya volkano ya Smithsonian, taasisi ya Marekani, tafuta kwa namba badala ya jina, maana Nyamulagira huandikwa pia Nyamuragira. Nyiragongo ni 223030, Nyamulagira ni 223020.

Hatua ya 2: Soma tangazo la OVG

Observatoire Volcanologique de Goma (OVG), kituo kinachochunguza volkano zetu, hutumia rangi nne: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Hizo ndizo rangi zinazokuhusu wewe na nyumba yako. Marubani nao wana rangi zao, zenye majina hayohayo, lakini zinahusu ndege angani. Mtu akikutumia picha imeandikwa «nyekundu», muulize kwanza ni nyekundu ya nani.

Hatua ya 3: Tazama joto kwenye FIRMS

FIRMS ni ramani ya NASA inayoonyesha sehemu zenye joto kali zilizoonwa na setilaiti. Naipenda kuliko zote kwa sababu ni nyepesi, haili mega, na inaonyesha kilichoonekana kweli, si kilichokisiwa. Chagua VIIRS, kifaa cha setilaiti ambacho kila nukta yake ni mita 375. Nukta ya MODIS, kifaa kingine, ni kilomita nzima, haitakusaidia sana milimani kwetu.

Nukta zinazokaa palepale ndani ya kasoko, yaani shimo la kileleni, wiki baada ya wiki, ni lava iliyomo humo. Hiyo si habari mpya. Nukta zilizotawanyika msituni, leo zipo kesho hazipo, hasa wakati wa kiangazi, mara nyingi ni watu wanaochoma makaa au kusafisha mashamba. Kinachotakiwa kukushtua ni nukta mpya zilizojipanga mstari kutoka kileleni kuteremka, zikirudi kila setilaiti inapopita. Ukikosa nukta kabisa, kumbuka mawingu: setilaiti haioni joto chini ya wingu zito, na milima yetu hufunikwa siku nyingi.

Hatua ya 4: Tofautisha gesi na majivu

Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana, inamwagika kama maji. Mara nyingi moshi unaouona juu ya mlima ni mvuke na gesi ya salfa, majivu ni kidogo. Majivu mengi huja kasoko inapoporomoka ndani, kama ilivyotokea siku zilizofuata mlipuko wa 2021.

Gesi ya salfa inapimwa na setilaiti ya Sentinel-5P, inayopita mara moja kwa siku, kama saa saba na nusu mchana. Kwa hiyo picha ya leo asubuhi ni ya jana. Zile ramani za kupendeza zinazosogea, zenye rangi za zambarau, ni utabiri wa kompyuta. Zinafaa kukuonyesha upepo unaelekea wapi, basi. Binafsi siwezi kumwambia mama afunge tangi lake kwa sababu ya ramani ile peke yake.

Hatua ya 5: Soma taarifa ya Toulouse

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na hapa ndipo uvumi unapozaliwa. Nendeni polepole.

Dunia imegawanywa kwa vituo tisa vinavyofuatilia majivu kwa ajili ya ndege. Kongo yetu iko chini ya kituo cha Toulouse, Ufaransa, kinachoendeshwa na Météo-France, idara ya hali ya hewa ya huko. Kila taarifa hutoka kwa namna mbili: mchoro na maandishi. Chukua maandishi. Yanafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu, na mchoro ukipunguzwa na WhatsApp namba zake hazisomeki tena. Maandishi yamejaa vifupisho, lakini mistari unayohitaji ni michache.

*DTG* ni tarehe na saa taarifa ilipotolewa, kwa mfano 20251123/1200Z. Hiyo Z ni saa ya dunia. Goma iko mbele yake kwa saa mbili, sawa na Rubavu ng'ambo ya mpaka. Lakini sisi tunahesabu saa kuanzia asubuhi, kwa hiyo mtu akiongeza mbili halafu akageuza tena kwa Kiswahili, anachanganyikiwa. Njia fupi: toa nne. 1200Z, kumi na mbili toa nne, ni saa nane mchana. 0600Z ni saa mbili asubuhi. 1800Z inakupa kumi na nne. Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili, unabaki na saa mbili usiku. Namba ikiwa ndogo kuliko nne, ongeza kwanza kumi na mbili: 0000Z ni saa nane usiku. Angalia na tarehe pia: 2300Z ya tarehe 23 kwetu ni saa saba usiku, tayari tarehe 24. Ndugu aliye Kinshasa atoe tano, aliye Kampala atoe tatu. Mtu akikutumia saa bila kusema ni ya wapi, usiisambaze.

*PSN* ni mahali mlima ulipo. Nyiragongo huandikwa S0131 E02915. Tarakimu mbili za mwisho ni dakika za nyuzi, si desimali. Ukiandika 1.31 na 29.15 kwenye ramani ya simu utaangukia porini, kaskazini mwa Nyamulagira, na utaapa kwamba mlima mpya umezaliwa. Gawanya dakika kwa 60: 31 kwa 60 ni 0.52, kwa hiyo ni 1.52 kusini, 15 kwa 60 ni 0.25, kwa hiyo ni 29.25 mashariki. Pembe zote za wingu zimeandikwa kwa mtindo huohuo, zigeuze moja moja kabla ya kuchora chochote.

*OBS VA CLD* ni wingu lililoonekana. SFC/FL450 maana yake ni kuanzia ardhini hadi futi 45,000, kwa sababu FL huhesabu futi kwa mamia. Zidisha namba ya FL kwa 30, utapata mita kwa kukadiria: 450 mara 30 ni 13,500. Hayli Gubbi ilifika huko, kama kilomita 14. Sasa sikilizeni, maana jambo hili linatugusa sisi wa milimani: urefu huo unahesabiwa kutoka usawa wa bahari, si kutoka Goma. Goma yenyewe iko kama mita 1,500. Wingu la FL130 ni mita 3,900, yaani limepita kilele cha Nyiragongo kwa mita 400 tu. Linaweza kuwa wingu dogo lililokaa juu ya mlima, ingawa mtu wa pwani akisikia «mita 3,900» ataona ni mlipuko mkubwa.

*MOV* ni linakokwenda. MOV W 10KT: linakwenda magharibi, kilomita 18 au 19 kwa saa. Taarifa za kawaida za hali ya hewa hutaja upepo kwa unakotoka, kwa hiyo upepo wa mashariki husukuma wingu magharibi. Ukichanganya hizi mbili utawatisha watu wa upande usiohusika. Kwetu upepo mara nyingi hutoka mashariki, ndiyo maana gesi huwapata zaidi watu wa Rusayo, Sake na Masisi kuliko wa Birere, hapa mjini Goma.

*FCST VA CLD* ni utabiri wa saa 6, 12 na 18 zijazo. Unahesabiwa kutoka wakati wingu lilipoonekana, si kutoka wakati unaposoma. *NXT ADVISORY* ni saa ya taarifa inayofuata. Ikipita, uliyo nayo imeshazeeka.

Kuna sentensi moja iliyowapotosha wengi: VA NOT IDENTIFIABLE FM SATELLITE DATA. Inasema setilaiti haikuweza kuyatambua majivu. Haisemi majivu hayapo, maana mawingu ya mvua yanaweza kuwa yameyafunika. Vilevile, kukosekana kwa taarifa ya Toulouse hakumaanishi mlima umetulia. Kituo kile kinaandika majivu tu. Lava inaweza kuteremka bila majivu ya kutosha kuisumbua ndege, na Toulouse ikanyamaza.

Hatua ya 6: Picha ya Sentinel-2, ukiwa na mega za kutosha

Fungua Copernicus Browser, tovuti ya picha za setilaiti za Ulaya, chagua mwonekano wa SWIR, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Lava hung'aa rangi ya chungwa. Picha huja kila baada ya siku kadhaa, na mawingu huharibu nyingi.

Hatua ya 7: Majivu yakielekea kwenu

Chomoa bomba linalopeleka maji ya mabati kwenye tangi kabla mvua haijanyesha, na ufunike tangi. Majivu mapya hubeba asidi na floridi, na mvua ya kwanza huosha yote kutoka kwenye mabati. Mkiona unga mweusi mkavu kwenye bati, msirudishe bomba. Acheni mvua ioshe kwanza, halafu mrudishe. Vitambaa puani, madirisha yafungwe. Anayeugua pumu aondolewe mapema.

Hatua ya 8: Kuwapa wengine

Usitume picha peke yake, wala sauti. Sauti haina tarehe, na ile ya mwaka juzi husikika kama ya leo. Andika maneno, ukitaja chanzo, saa ya Goma, urefu, mwelekeo na saa ya taarifa inayofuata. Mfano:

«Toulouse, leo tarehe fulani, saa nane mchana ya Goma: majivu ya Nyamulagira yako hadi mita 6,000, yanakwenda magharibi. Goma hayajaigusa. Sake na Masisi wafunike matangi. Taarifa inayofuata saa mbili usiku. OVG: rangi ya njano.»

Saa mbili usiku ikifika, fungua tena, utume mpya, na ufute ya zamani kwenye kikundi.