Namna ya Kuandaa Rufaa ya Mpanda Farasi Aliyefungiwa kwa Uzembe

Mpwa wangu, ambaye hupanda farasi wa mashindano ughaibuni, alinipigia simu usiku mmoja nikiwa nyumbani Sinza. Akasema, "Shikamoo mjomba, nimefungiwa siku kumi na mbili, na nimeonewa." Kabla ya kumuuliza ameonewa vipi, nilimuuliza uamuzi umesomwa saa ngapi, kwa sababu muda wa kukata rufaa katika mchezo huu ni mfupi na rufaa iliyochelewa inaweza kutupwa bila kusikilizwa. Omba uamuzi kwa maandishi siku hiyohiyo, soma kifungu ulichotiwa nacho hatiani, kisha uwasilishe notisi ya rufaa pamoja na amana inayotakiwa. Katika notisi hiyo omba pia utekelezaji wa adhabu usimamishwe. Uingereza adhabu huanza siku ya 14 baada ya kosa, hivyo mrufani hupata nafasi ya kujipanga. Mahali inapoanza mapema, unaweza kushinda rufaa ukiwa umeshaitumikia adhabu yote.

Amua mapema unapinga nini. Matokeo ya mbio na adhabu ya mpandaji ni mambo mawili tofauti, na wengi huyachanganya. Katika mbio za Kentucky Derby, Marekani, za tarehe 4 Mei 2019, farasi Maximum Security alifika wa kwanza, lakini wasimamizi wakamshusha hadi nafasi ya 17 kwa kuwazibia njia wenzake, na mpandaji wake, Luis Saez, akafungiwa siku 15 za mashindano. Wamiliki walikwenda hadi mahakama ya rufaa ya shirikisho wakashindwa mwaka 2020, kwa kuwa kanuni za Kentucky hazikutoa nafasi ya kukata rufaa dhidi ya uamuzi huo wa kushusha nafasi.

Uzembe wenyewe hauhitaji nia mbaya. Kanuni ya 131 ya mbio za farasi za Australia inataja uzembe kando ya kutojali hatari na kuendesha kusikofaa, na kinachopimwa kwenye uzembe ni kama ulichukua tahadhari ya kawaida. Kwa hiyo utetezi wa "sikukusudia" haukufutii hatia, ingawa ni utetezi unaotolewa sana. Kinachoweza kukuokoa ni kuonyesha kwamba farasi aliegemea upande mmoja mwenyewe ukawa tayari umevuta hatamu kumrudisha, au kwamba msukumo ulitoka kwa farasi wa tatu aliyekuwa upande wako wa nje.

Hapo ndipo picha za video zinapobeba kesi nzima. Usiridhike na picha ya pembeni iliyorushwa kwenye televisheni, kwa sababu inaficha nafasi iliyopo kati ya farasi na farasi; dai picha iliyopigwa kutoka mbele na ile ya kutoka nyuma. Mimi na mpwa wangu tulizitazama kwenye simu zaidi ya mara ishirini, tukisimamisha kila hatua, nami nikapanga njiti za kiberiti mezani, kila njiti ikiwa urefu wa farasi mmoja. Australia kipimo kinachozoeleka ni kwamba kabla ya kuhamia njia ya mwenzako uwe umemtangulia kwa urefu wa farasi wawili. Njiti zetu zilionyesha mmoja na nusu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi mjomba, kosa nimelifanya."

Tukaacha kupinga hatia, tukapinga ukubwa wa adhabu peke yake, na naamini kwamba uungwana huo ndio uliofanya asikilizwe vizuri. Kwenye rufaa ya namna hii eleza rekodi yako, idadi ya mbio ulizopanda bila kosa, kiasi mwenzako alivyoathirika, na uzito wa mashindano utakayoyakosa, ukikumbuka kwamba umaarufu haukingi mtu: mpanda farasi mashuhuri Frankie Dettori alifungiwa mwezi mmoja na kutozwa faini ya dola 20,000 za Australia baada ya mbio za Melbourne Cup za 2015, ingawa farasi wake, Max Dynamite, alimaliza wa pili.

Siku ya kusikilizwa, omba mkalimani iwapo lugha ya jopo haikukai vizuri, na ujibu lile uliloulizwa tu. Uliza pia kabla kama jopo lina mamlaka ya kuongeza adhabu au kuzuia amana yako, maana yapo majopo yenye mamlaka hayo. Mpwa wangu alipunguziwa siku nne.