Chane ya juu inatoka nje: jinsi ninavyowarithisha wanangu wema

Niliuza ndizi soko la Mbuyuni, hapa Moshi mjini, miaka 22, mpaka magoti yakakataa. Nina watoto wanne na wajukuu sita. Shoga zangu wa kikundi huniuliza nimewafanyaje hawa watoto, maana hata yule aliye Dar akipiga simu lazima amuulizie jirani fulani kama kifua kimepoa. Mengi nimeyaiba kwa mama mkwe wangu wa kule Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Moja nililipata kwa aibu yangu mwenyewe, nitalisema huko chini.

Anza na jambo moja lenye siku yake. Ukimwambia mtoto "uwe na roho nzuri" atakuitikia ndiyo mama, kisha atarudi kucheza, kwa sababu hujampa cha kufanya. Kwa mama mkwe, kila mkungu ukikatwa kihambani, yaani shamba letu la migomba la nyumbani, chane ya juu ilitoka nje kwenda kwa jirani. Aliyewahi kuuza ndizi anajua chane ya juu ndiyo yenye vidole vinene, za chini ni vidogo vidogo tu. Nikiwa bibi harusi mgeni nilikata ya chini nikaiweka pembeni ya kupeleka. Aliiangalia, akaniuliza, "Mama, hii unampelekea mtu au mbuzi?" Basi nikakata ya juu.

Wewe wa mjini usiseme huna kihamba. Maandazi ya Jumamosi yanatosha. Ndoo mbili za maji siku bomba linapokatika zinatosha. La muhimu ni kwamba siku hiyo ikifika, kitu kinatoka, ukiwa na hela au ukiwa umechacha.

Kisha mtume mtoto. Hapa wazazi wengi wanakosea, wanapeleka wenyewe ili washukuriwe wenyewe, mtoto amebaki ndani na katuni. Mpe mzigo unaomtosha: wa miaka mitano abebe maparachichi mawili, wa miaka kumi abebe chane. Kabla hajatoka mfundishe haya, na umfanyishe mazoezi hapo hapo sebuleni. Apige hodi na asiingie mpaka aitikiwe. Shikamoo kwanza, mzigo baadaye. Aseme "mama amesema tuonje wote," asiseme "mama amesema mmekosa chakula." Asizungushe macho mule ndani. Na akirudi, usimuulize umekuta wanakula nini! Ukimuuliza hivyo mara moja tu, umemgeuza mpelelezi, na kesho atakwenda kwa ajili ya kuleta habari.

Neno kuhusu chombo. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Mila nzuri, lakini kwa mtu aliyeishiwa ni mzigo, atakaa na bakuli lako wiki mbili akitafuta cha kutia. Kwa mtu kama huyo funga kwenye jani la mgomba. Lipitishe juu ya moto kidogo lilainike lisichanike, kunja, funga kwa kamba ya mgomba yenyewe. Hapo hana chombo cha kurudisha. Mjukuu wangu wa kike alipoelewa sababu ya lile jani alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo bibi, wale tunaowapelekea kwenye jani ndio hawana?" Nikamwambia ndiyo, na sasa unajua kitu ambacho hutamwambia mtu. Hajamwambia.

Sasa ile aibu. Mwaka mmoja jirani yangu alifukuzwa kazi, nikampelekea unga kilo kumi, nikamtuma kijana wangu wa pili. Mpaka hapo sawa. Jumapili yake kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa tukawa tunazungumzia maisha yalivyopanda, nikasikia mdomo wangu unasema, "Kuna mtu pale kwangu bila mimi watoto wangelala njaa." Sikutaja jina. Mtaa ule nyumba ziko ngapi? Jumatatu asubuhi nikakuta mfuko wa unga mlangoni, umefungwa vilevile, haukupungua hata kikombe.

Nikampigia mama mkwe nikitegemea atanionea huruma. Akapanda daladala akashuka mjini na jani la isale kwenye mkoba. Kwa msio wa huku: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani mwa kihamba na makaburini, na mtu akikukosea akakujia na jani lake mkononi, anakuomba radhi, na ni vigumu sana kumfukuza. Akaniambia, "Kijana aliyebeba unga naye aje." Nilikataa, niliona haya mbele ya mwanangu. Akasema kama aliona nikitoa, aone nikiomba pia. Tukaenda watatu. Jirani alilipokea lile jani bila kunitazama. Kunizoea tena kulichukua miezi.

Kijana huyo sasa ana miaka 31. Mahubiri yangu yote hayakumbuki hata moja. Lile jani analikumbuka, na mwaka juzi alipogombana na kaka yake kwa ajili ya mpaka, ndiye aliyetangulia kwenda na isale. Kwa hiyo ukikosea, usimfiche mtoto. Mchukue.

Mzazi akijifungua karibu na kwako, usimtume mtoto tu, mpike naye. Sisi tunapika mtori. Menya ndizi mshare na mtoto, lakini mpake mafuta mikononi kwanza, utomvu wa ndizi ukimgandia hatakusaidia tena mwaka huo. Nyama ya mifupa ichemke mpaka iachie, ndizi ziive laini, ponda na mwiko. Kupondaponda huko ndiko kunakomaliza mkono, na ndiko ninakomwachia yeye. Akifika kwa mzazi na chupa ya chai hajali sana, akifika na mtori alioponda mwenyewe atasimama pale mpaka amwone mzazi anakunywa.

Hawa wakubwa wa simu nao wana kazi yao. Jirani yetu mzee macho yamefifia, kijana wangu wa darasa la saba ndiye anayemwingizia namba za umeme wa LUKU na kumsomea ujumbe. Sharti langu ni moja: namba ya siri ya mzee aingize mzee mwenyewe, kijana ageuze uso. Wema usio na mipaka huleta kesi.

Desemba ndiyo shule kubwa. Sisi Wachaga wengi tunarudi nyumbani Kilimanjaro, magari yamejaa, mbuzi wanachinjwa, mbege, ile pombe yetu ya ndizi, inatembea, na watoto wa mjini wanakaa ndani kulalamika mtandao hakuna. Mimi siku ya pili asubuhi nawagawia nyumba. Kila mjukuu ana mzee wake mmoja wa kumtembelea, huyo huyo kila mwaka, na anakwenda bila mzazi. Mwaka wa kwanza wanavuta miguu. Mwaka wa tatu mmoja wao alinipigia Novemba kuuliza mzee wake anavaa viatu namba ngapi.

Usiwalipe. Nilijaribu mara moja, mia tano kwa kila safari, na ndani ya wiki moja wakawa wanagombania nyumba za karibu. Nikaacha.

Leo kuna mkungu umeshuka kutoka Kibosho. Chane ya juu nimeshaikata, iko kwenye jani pale mlangoni, na anayeibeba bado anatafuta kandambili yake ya kushoto.