Kuchagua mbeleko ya mtoto mchanga

Kabla ya kununua begi la kubebea mtoto, liwe la mtumba pale sokoni Kiboriloni, Moshi, au jipya kutoka dukani Arusha mjini, soma lebo ya uzito. Mengi huanzia kilo 3.5 hivi. Mtoto wa kilo 2.8 atazama ndani, kidevu kitalala kifuani na njia ya hewa inaweza kuziba bila yeye kulia. Hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote.

Vuta mishono ya mikanda kwa nguvu; uzi ukiachia, usilinunue hata kwa bei ya bure. Kwa kitambaa, chagua pamba nzito isiyoteleza.

Mweke kifuani akuelekee, magoti yakiwa juu kuliko makalio, kitambaa kikifika goti hadi goti. Kibane mgongo wake, kisifunike uso. Vidole viwili vipite chini ya kidevu, nawe uweze kumbusu kichwani. Mgongoni asubiri mpaka shingo ikaze.

Baridi ya Julai isikufanye umrundikie sweta: vaeni koti moja, uso wake nje. Shingo ikitoa jasho, mpunguzie nguo. Ukipika au ukipanda bodaboda, usimbebe hivyo.