Chora mwenyewe ncha ya dunia inavyohama, alafu uone tabianchi inaingiaje

Mvua zikivuruga tu, kuna mtu atasema ncha za dunia zimehama. Data zipo bure, tuchore tuone.

1. Ile iliyotoka Kanada ikielekea Siberia ni ncha ya sumaku, iache. Sisi tunachora ncha ya mzunguko, pale mhimili, ule mstari ambao dunia inauzunguka, unapotokea juu ya ardhi.

2. Shusha faili la C04, lenye mahali ncha ilipo siku kwa siku, kwenye tovuti ya IERS, shirika la kimataifa linalofuatilia mzunguko wa dunia, linaanzia 1962. Fungua na LibreOffice Calc, bakisha tarehe, x na y. Python nzuri lakini kwa kuanzia tumia Calc, unaona kila namba kwa macho yako.

3. x na y ziko kwa sekunde za pembe (arcsecond), zidisha mara 30.9 upate mita.

4. Hapa ndo watu wanapoteza jioni nzima. x inaelekea Greenwich, sawa, ila y chanya inaelekea MAGHARIBI, nyuzi 90, kwahiyo ukichora hivohivo ramani inageuka na ncha inayokwenda upande wa Kanada utaiona inakwenda Siberia, na ndo hapo mtu anaichanganya na ile ya sumaku. Zidisha y kwa -1 kabla ya kitu kingine chochote. Bado utaona duara juu ya duara, upana wa mita kumi hivi, kwasababu kuna mtikisiko wa mwaka mmoja na ule wa Chandler, kuyumba kwa asili kwa dunia, wa siku kama 433. Piga wastani wa miaka 6, yaani =AVERAGE(B1:B2191) kwa x, y nayo hivohivo kwenye safu yake, alafu ushushe hadi chini, maana miaka 6 inabeba mizunguko 6 ya ule wa mwaka mmoja na karibu 5 ya Chandler, vyote vinafutika. Jibu liweke mstari wa 1096, katikati ya dirisha, ukiliweka mwishoni kona, pale njia ya ncha inapokunja, itachelewa miaka mitatu. Chati iwe ya XY, siyo ya mistari.

5. Soma sasa. Karne ya 20 ncha inasogea upande wa Kanada, kama sm 10 kwa mwaka, alafu karibu 2000 inakunja mashariki. Barafu ya Greenland inayeyuka, uzito unahama, ncha nayo inasogea. Hata visima vimo: utafiti wa 2023 ulikadiria maji ya ardhini yaliyovutwa 1993 hadi 2010 yaliisogeza kama sm 80. Kwahiyo tabianchi ndo inasukuma ncha, mita chache hizi hazibadilishi jua linavyotupiga. Kinachobadilisha ni mwinamo wa mhimili wenyewe, nyuzi 22.1 hadi 24.5 kwa miaka 41,000, huo ndo unaohusika na enzi za barafu na kwenye faili hili hutauona.