Mkono usawa wa moyo unapopima presha

Unapopima presha nyumbani, egemeza mkono mezani, ukiwa umelegea, hadi mkanda wa mashine unaofungwa mkononi ulingane na katikati ya kifua. Meza ikiwa fupi, kunja khanga au weka mto mdogo chini ya kiwiko. Nilikuwa nikiuacha mkono pajani, na namba zilipanda bila sababu niliyoijua. Sababu ni uzito wa damu yenyewe: mshipa ulio chini ya moyo hubeba safu ya damu iliyo juu yake, hivyo ukuta wake husukumwa kwa nguvu zaidi, na kila sentimita 10 za kushuka huongeza takriban milimita 7 hadi 8 za zebaki, yaani kizio cha presha, kiasi kinachotosha kumfanya mtu ambaye namba yake ya juu ni 135 aonekane ana 142. Mkono ukiinuliwa kupita moyo, kosa hugeuka na presha huonekana ndogo, jambo ambalo kwangu ni baya zaidi kwa kuwa humtuliza mgonjwa asiyestahili kutulia. Kwa mashine za kifundo cha mkono tahadhari hii ni kubwa zaidi, maana kifundo hushuka kwa urahisi. Egemeza pia mgongo, wala usipishanishe miguu. Mbinu hii haitasaidia iwapo mkanda ni mdogo kuliko mkono, au mapigo ya moyo hayana mpangilio. Na kwa mzee anayepata kizunguzungu akiinuka, kipimo cha kukaa pekee hakitoshi, apimwe pia akiwa amesimama, mkono ukishikiliwa usawa uleule.