Sigatoka nyeusi: linda majani kabla mkungu haujachomoza

Sigatoka nyeusi ni ugonjwa wa ukungu unaokausha majani ya mgomba. Mgomba ukishachomoza mkungu hautoi tena jani jipya. Majani uliyonayo siku hiyo ndiyo yatakayoujaza mkungu kwa miezi mitatu hivi. Lenga majani mazima 8 au zaidi wakati huo. Yakibaki 4, ndizi hudumaa na kuiva zikiwa bado nyembamba, na mnunuzi wa soko la Mabibo hataki ndizi inayoiva kwenye gari.

Joto na unyevu wa Dar es Salaam vinaufaa sana ukungu huu, hasa wakati wa masika. Kagua shamba kila wiki. Shika jani la tatu au la nne kutoka juu, ulitazame upande wa chini: utaona vistari vya rangi ya kutu, milimita 1 hadi 2, vimelala kufuata mishipa ya jani. Baadaye hurefuka, huwa vyeusi, kisha huungana na kuwa mabaka yaliyokauka, kijivu katikati na njano pembeni. Jani zee likigeuka njano kuanzia ncha na kingo bila vistari, huenda ni upungufu wa potasiamu, na hapo dawa ya ukungu haisaidii kitu.

Kisu ndicho dawa ya kwanza, iwe kilimo hai au cha kawaida. Jani lililoathirika zaidi ya nusu likate lote. Chini ya hapo kata kipande kilichougua tu, maana kila sehemu ya kijani ina kazi. Majani yaliyokatwa yarundike pamoja, usiyatawanye: ya chini huoza upesi, na mbegu za ukungu hazipati nafasi ya kupeperuka. Kisu kichovye kwenye jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 5, kabla ya kuhamia shina jingine, kwa sababu mnyauko wa bakteria husafiri na kisu.

Panda mita 3 kwa 3, na kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine yang'oe. Msongamano huchelewesha majani kukauka baada ya mvua, na ukungu huota kwenye jani lililolowa. Mwagilia chini, usirushe maji juu. Kwenye mchanga wa Kigamboni potasiamu huoshwa upesi, kwa hiyo weka samadi na majivu mara kwa mara.

Ukitumia dawa ya viwandani, mankozebu gramu 40 kwa bomba la lita 16 ni kipimo cha kawaida, lakini kibandiko cha chupa au pakiti ndicho cha kufuata. Mankozebu hulinda tu, haiponyi, na mvua huiosha. Propikonazoli na azoksistrobini hupenya ndani ya jani. Ukirudia moja tu msimu mzima, ukungu huizoea, kwa hiyo zipokezane na mankozebu. Kosa tunaloliona sana ni kupuliza majani ya chini yaliyokwisha kufa. Elekeza dawa kwenye majani machanga ya juu, upande wa chini, asubuhi pasipo upepo.

Mkulima wa kilimo hai ana dawa ya shaba, anayopaswa kuitumia kwa kiasi maana hujilimbikiza udongoni, na bakteria wa Bacillus subtilis, ambao huwekwa kabla ugonjwa haujaingia. Kwake aina ya mbegu ina uzito zaidi: mgomba wa aina ya FHIA-17 huvumilia ugonjwa huu, ilhali Mzuzu na Kimalindi huhitaji ulinzi wa karibu. Chagua kabla ya kuchimba shimo.