Tezi Zimewaka kwenye PET? Usitume Pesa za Kemo Bado

Ndugu zangu mlio ng'ambo, haya yalinifika nikiwa Leicester na baba yuko Likoni. Alikohoa miezi mitano. Siti skani ikaonyesha uvimbe wa sentimita 4 kwenye pafu la kulia, akakatwa kinyama, ikawa saratani. Akapandishwa treni Miritini kwenda Nairobi kupigwa PET, skani ya mwili mzima. Tezi za katikati ya kifua zikawaka kwenye picha, hata za upande wa kushoto. Daktari akaandika hatua ya 3B, upasuaji haufai. Jioni ile ile nikatuma pesa za kemo, zile dawa za kuua saratani.

Hapo ndipo niliponaswa.

Hatua ya saratani hupimwa kwa herufi tatu: T ni uvimbe wenyewe, N ni tezi, M ni kusambaa mbali. Tezi za upande wa pili zikiwa na saratani huitwa N3, na kwa kawaida N3 humfungia mgonjwa mlango wa upasuaji. Lakini PET haioni saratani. Inaona seli zinazokula sukari kwa pupa, na tezi yenye TB nayo hula sukari vivyo hivyo. Kwetu TB si ngeni. Tezi iliyowaka ichomwe sindano, kwa kamera nyembamba inayopitishwa kooni hadi kwenye njia za hewa. Narudia: ichomwe sindano kabla hatua haijaandikwa.

Sisi tulimficha baba ugonjwa wake. Shangazi aliapa mzee akijua atakufa kwa hofu, nasi wanawe tukatii. Simlaumu, ni mapenzi. Ila mtu aliyefichwa haulizwi kitu. Siku alipoambiwa, alisema papo hapo: "Mimi nililazwa kwa TB mwaka 1987." Hakuna aliyejua, hata mama. Sindano ikapita, tezi zikakutwa na TB, seli ya saratani hata moja hakuna. 3B ikawa 1B, hatua ya mwanzo, akafanyiwa upasuaji.

Kwa mzee wako huenda sindano ikakuta saratani kweli. Basi mtajua, na pesa zitakwenda panapostahili. Hali kadhalika doa moja kwenye tezi ndogo iliyokaa juu ya figo: msikubali liitwe hatua ya 4, yaani saratani iliyosambaa mbali, kwa picha tu, maana pale huota vivimbe visivyo na madhara.

SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, na barua ya rufaa mnayajua. Dai CD ya picha na kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta. Daktari wa huku niliyemwomba maoni aliirudisha ripoti ya baba bila kuisoma, akataka picha zenyewe.

Uingereza foleni zinaumiza roho, na upweke wa wagonjwa wao sijauzoea. Lakini madaktari wa mapafu, wa picha, wa maabara na wa upasuaji hukaa meza moja kabla matibabu hayajaamuliwa, na mgonjwa huambiwa mwenyewe. Hilo nalitamani kwetu.

Na ubongo msiusahau. PET haiuoni vizuri, ulizeni MRI, skani ya sumaku. Wa baba ulipigwa siku mbili kabla ya upasuaji, ukawa safi.